Muulize Mjomba wa Safari: Kilo 15, jangwa la Namib na ndege ya injini moja

SWALI: Mjomba, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chumbageni hapa Tanga. Kijana wetu wa pili anafanya kazi ng'ambo, na mwezi wa saba anataka kutulipia mimi na baba yake safari ya siku 12: jangwa la Namib na pwani ya Skeleton Coast huko Namibia, jangwa la Kalahari na delta ya mto Okavango huko Botswana, kisha Serengeti. Kote huko tunarushwa kwa ndege ndogo na kulala kwenye kambi za kitajiri. Mzee ana miaka 69 na ana kisukari, anachoma sindano. Mimi ni mnene, na zile ndege ndogo naziogopa, nimeziona zinavyoyumba zikitoka Pemba. Tumeambiwa begi lisizidi kilo 15. Je, safari hii inatufaa kwa umri wetu? Na tutaonekanaje huko, sisi watu wa kanga na kofia, katikati ya Wazungu?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na niliimaliza nikiwa na furaha. Nendeni. Mtoto akikumbuka wazazi wake kwa namna hii, msimrudishe nyuma. Lakini ratiba aliyowapangia ikateni.

Sehemu tano kwa siku 12 maana yake mnalala usiku mbili mbili, na siku nyingine zinaliwa na kuhama nchi. Mnafika saa saba mchana, mnapewa juisi, mnaonyeshwa hema, jioni mnazungushwa. Kesho yake ndiyo siku yenu pekee. Keshokutwa mnafunga begi. Nimepokea wageni kwenye uwanja wa Kogatende, kaskazini ya Serengeti, kwa miaka tisa. Mgeni aliyelala kambi nne ndani ya siku nane nilikuwa namjua kabla hajashuka ngazi. Anashika kichwa, anatafuta miwani iliyoko usoni, chui aliyemwona juzi hakumbuki alimwona nchi gani. Mwambieni kijana atoe Skeleton Coast na Kalahari, abakishe Namib, Okavango na Serengeti. Pesa atakayookoa aiongeze kwenye usiku. Kambi hizo nyingi hutoza zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na kwa bei hiyo ni uchungu kuondoka kabla hujajua ndege gani anakuamsha alfajiri.

Hiyo ndege unayoiogopa ndiyo itakayomsaidia mzee. Kutoka Arusha kwenda Kogatende kwa gari ni kutwa nzima ya vumbi na mashimo, na mgongo wa miaka 69 hauhitaji adhabu hiyo. Angani ni saa moja na nusu hivi, kutegemea imetua viwanja vingapi njiani, kwa sababu inashusha na kupakia kama daladala ya Raskazone. Nyingi ni Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria wapatao 12. Choo hakuna, kwa hiyo kachimbeni dawa kabla ya kupanda. Kuyumba kunatokana na joto. Jua likishawaka, ardhi inachemka na hewa inapanda kwa mafungu, ndege inapita juu yake kama ngalawa kwenye mawimbi ya kusi. Tena hewa ya moto ni nyepesi, haibebi mabawa vizuri, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndipo ipae. Basi ombeni ndege za asubuhi, kabla ya saa nne. Hilo peke yake litakuondolea nusu ya hofu.

Kuhusu unene wako, dada, andika kilo zako za kweli. Nakuomba sana. Mwaka mmoja mgeni wetu mama aliona haya akapunguza, na waliomuuzia safari hawakumpima. Saa sita mchana, uwanja mfupi, rubani akamwangalia, akaangalia mzigo, akashusha mabegi manne, matatu yakiwa ya watu wengine. Mama yule alilia mbele yetu. Mpaka leo nawalaumu waliomuuzia, kwa sababu ilikuwa kazi yao kumweleza kwamba rubani anahesabu kilo ili wote wafike, hana haja ya kumdharau mtu. Ikibidi mlipie kiti cha ziada, mtaambiwa mapema, na kijana atalipa.

Begi liwe laini, la kitambaa au turubai, lisiwe na fremu wala magurudumu. Mizigo inakaa kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, na mlango wake ni mfupi. Begi laini tunalisukuma kwa goti linaingia. Sanduku gumu halikunjiki, linabaki Arusha. Hapa kwetu kampuni nyingi zinaruhusu kilo 15, Botswana nyingi kilo 20, na humo wanahesabu hata mkoba wa mkononi. Fungeni kwa hesabu ya ile ndogo. Kambini wanafua kila siku, ingawa nguo za ndani kambi nyingi wanakuachia ufue mwenyewe, na sabuni unaikuta hemani. Kanga mbili zinakutosha, moja ya kuswalia na moja ya kujitanda ndani ya gari la wazi. Epukeni bluu na nyeusi, ndorobo wanazifuata rangi hizo na wanauma juu ya nguo. Nguo za mabaka ya jeshi msibebe kabisa. Na kabla hamjarudi, hakikisheni hamna mifuko ya plastiki ya dukani, nchini kwetu imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Kisha baridi. Watu wa Tanga hamtaniamini, lakini Namib mwezi wa saba alfajiri utatoa moshi mdomoni. Sweta nzito, koti, soksi, kofia ya sufu kwa mzee. Hizo mtavaa siku ya kusafiri ili zisihesabiwe kwenye begi.

Dawa ya mzee isiingie begi la chini hata mara moja. Insulini aibebe mkononi, kwenye kifuko cha ubaridi, na sindano agawe sehemu mbili: nusu kwake, nusu kwako. Awe na barua ya daktari kwa ajili ya ukaguzi viwanjani. Kambi zina friji, lakini semeni tangu siku ya kuweka nafasi, na semeni pia kwamba anakula kwa saa. Ratiba ya kambi ni kuamka saa kumi na moja, chai na biskuti, kisha porini hadi saa nne ndipo mle chakula kizito. Kwa mwenye sukari huo ni mtego. Mpishi akiambiwa mapema anawafungia uji au mayai na viazi kwenye gari. Muulizeni daktari wake pia kuhusu vidonge vya malaria vya Okavango, na bima iwe na kipengele cha ndege ya wagonjwa. Huku kwetu shirika la afya la AMREF wamekuwa wakirusha madaktari tangu 1957, lakini kusini ni watu wengine, kwa hiyo karatasi ya bima isomwe nchi kwa nchi.

Sasa nikuambie kwa nini nawataka mkae Namib siku nne. Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, ofisi ilinipeleka huko na Botswana kujifunza. Nilidhani jangwa ni mchanga tu. Asubuhi ya pili, mwongozaji alitupandisha tuta la mchanga huko Sossusvlei kukiwa bado na giza. Unapanda hatua moja, unarudi nusu. Mchanga ule ni mwekundu kwa kutu ya chuma iliyo ndani yake, na saa ile ni wa baridi kama sakafu ya msikiti. Nilitayamamu hapohapo, nikaswali alfajiri juu ya ukingo. (Kibla kule si kama chetu. Sisi Tanga tunatazama kaskazini moja kwa moja, kule unapinda kidogo kuelekea mashariki. Chakula cha halali waambieni mapema, na asubuhi muulize nyama iliyo mezani ni ya nini.)

Ukungu wa baharini hufika mpaka ndani ya jangwa. Bahari ya kule ina mkondo wa maji baridi, Benguela, hewa ikipita juu yake inazaa ukungu badala ya mvua. Siku tuliyokwenda karibu na pwani, mwongozaji alipiga magoti, akanivuta mkono. Palikuwa na dundu mweusi, mdogo, amesimama kichwa chini, makalio juu, ameukabili upepo. Ukungu ulikuwa unaganda mgongoni mwake. Nikaona tone likikua, likatikisika, likateleza mpaka mdomoni. Alikuwa anakunywa maji. Nimekaa na simba maisha yangu yote, dada, na yule dundu ndiye ninayemsimulia wajukuu. Mgeni wa usiku mmoja hamwoni, kwa sababu ukungu hauji kila siku.

Mtapelekwa pia Deadvlei, bonde la udongo mweupe lenye miti iliyokufa miaka mia kadhaa iliyopita, bado imesimama, kwa kuwa hewa ni kavu mno hata kuoza haiwezi. Mkiruka kando ya pwani, muombeni rubani awaonyeshe Eduard Bohlen, meli iliyokwama kwenye ukungu mwaka 1909. Bahari imejaa mchanga na kurudi nyuma, meli sasa imelala jangwani, maji yako mbali nayo. Na mkipita mji wa Swakopmund mtaona majumba ya Wajerumani mtafikiri mko karibu na bandari yetu. Watawala walikuwa walewale.

Okavango nitasema machache. Mvua inanyesha Angola mwanzoni mwa mwaka, maji yanatembea taratibu miezi kadhaa, yanafika Botswana wakati wa kiangazi, ndipo wanyama wote wanaposogea. Mwezi wa saba ni wakati wake hasa. Mto haufiki baharini, unaishia mchangani. Mtapakiwa mtumbwi mwembamba, kijana nyuma anasukuma kwa pondo, kimya kama mlivyozoea kuona kwenye mikoko yetu. Mwogope kiboko, msiogope mtumbwi.

Mwisho wa swali lako ndio ulioniuma. Mtaonekanaje. Niliwahi kufikisha wageni wa kwetu, mume na mke Watanzania, kwenye kambi moja ambayo siitaji. Mhudumu wa mapokezi akanyoosha kidole kuwaonyesha mlango wa wafanyakazi. Watu waliolipa sawa na wengine! Kijana yule alikuwa mwenzetu, mweusi kama sisi. Niliongea naye pembeni, na siyo kwa upole. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, Waafrika wanaosafiri wameongezeka, lakini nawatayarisha. Likitokea, mzee ataje jina lililo kwenye nafasi, kisha akae kitini asubiri. Asieleze zaidi ya hapo. Wewe vaa kanga yako. Kule Serengeti utasikia wafanyakazi wakija mmoja mmoja kukuamkia, watakuuliza habari za nyumbani, usiku mpishi atakuletea ugali na samaki bila kuagizwa. Wageni wenzenu wataanza kuwauliza nyinyi majina ya miti.

Uwanjani Kogatende, mkiwa angani, tazameni chini. Mtaliona gari linakimbia kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho wake, vumbi nyuma. Huyo anafukuza pundamilia na nyumbu. Rubani atapita chini mara moja, aangalie mfuko wa upepo, azunguke, ndipo atue. Ukiona amepaa tena usipige kelele, kazi inafanyika ipasavyo. Kuanzia mwezi wa saba nyumbu wanaanza kusogea Mto Mara, na mkikaa siku nne mna nafasi nzuri ya kuwaona wakivuka.

Kabla ya yote hayo, panda ndege moja ya asubuhi kutoka kiwanja chetu cha Tanga kwenda Unguja, lala kwa ndugu, rudi. Ujijue.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mchumba wangu tuko Bagamoyo, tunafunga ndoa baada ya Idi. Tunatamani fungate ya kutua kwa ndege porini kama tunavyoona kwenye simu, lakini uwezo hatuna. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongereni. Nyinyi mko mlangoni pa Saadani na mnatazama simu! Ndiyo hifadhi ya taifa pekee kwetu ambako nyika ya tembo na twiga inashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Uwanja wa ndege ndogo upo, ila kukodi ndege kwa watu wawili ni gharama, pesa hiyo iwekeni kwenye nyumba. Nendeni kwa gari, ulizeni kwanza hali ya barabara kama ni masika. Raia mnalipa kiingilio kwa shilingi, siyo bei ya wageni. Laleni usiku mbili au tatu. Siku moja pandeni boti Mto Wami asubuhi maji yakiwa yanajaa, mtaona viboko, mamba, na mbega juu ya miti. Ulizeni pia habari za ufukwe wa Madete, ambako kasa wa kijani wanapanda kutaga. Mkibahatika kuona vitoto vyao vikikimbilia maji, zimeni tochi na simu, mwanga unavipoteza njia.

SWALI: Mjomba, rafiki yangu wa Pangani anasema kuna mamba jangwani Sahara. Ananidanganya?

JIBU: Hakudanganyi. Wako Chad, kwenye milima ya Ennedi, mahali paitwapo Guelta d'Archei, dimbwi lililo katikati ya kuta za mawe. Zamani Sahara ilikuwa na maziwa na mito. Ilipokauka, mamba wachache walibaki hapo, na maji hayajaisha. Ngamia mamia wanaletwa kunywa humohumo. Wageni matajiri hurushwa mpaka karibu, kisha wanaendelea kwa gari na miguu. Mimi sijafika, na ningependa kufika.