RedOne: kutoka Tétouan hadi Lady Gaga, na pesa ya prodyuza

Mkuu, umeuliza RedOne alitokaje Morocco hadi kufanya kazi na Lady Gaga, na kama prodyuza hulipwa biti tu basi.

RedOne, jina lake halisi Nadir Khayat, ni mtoto wa Tétouan, mji wa Morocco. Akiwa na miaka 19 alihamia Sweden, siyo Marekani. Hapo wengi huchanganya. Alipitia bendi kwanza, ndipo akageukia kutunga na kutayarisha. Marekani ilikuja baadaye. "Just Dance", wimbo wa Lady Gaga alioutayarisha yeye, ilitoka Aprili 2008, ikashika namba 1 kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, Januari 2009, kwa hiyo hata hiti ile ilisota miezi. Sikiliza sekunde za mwanzo: jina lake linatajwa kabla ya lolote, kama maprodyuza wa Bongo wanavyojitaja.

Sasa pesa. Mifuko ni miwili. Wa kwanza ni utunzi: wimbo ule una watunzi 3, yeye, Gaga na mwimbaji Akon, na kila mmoja ana fungu lake la mirabaha. Wa pili ni rekodi yenyewe: prodyuza hupewa malipo ya awali pamoja na pointi, yaani asilimia ya mapato ya rekodi, mara nyingi 3 hadi 5. Malipo yale ya awali hukatwa kwanza kwenye pointi, kwa hiyo usishangae ukikaa muda mrefu bila kitu.

Panapoharibika ni kwenye mgawanyo wa utunzi. Andikeni asilimia siku ileile, jumla iwe 100, wote wasaini kabla ya kutoka studio. Aliyehama nchi ana mtego wa ziada: akisajili wimbo uleule kwenye vyama viwili vya kukusanya mirabaha, majina au asilimia zikapishana, malipo huzuiwa.