Jikoni kwa Bibi: Kababu zinazofumuka, kofta za tui, na kijiko changu cha chumvi

Mwezi uliopita niligusia kababu kwa aya mbili tu, na barua zikanimiminikia. Nimechagua sita. Ya mwisho inanisema vibaya, nayo nimeiweka, kwa sababu aliyeiandika ana haki.

Shikamoo Bibi. Kila nikikaanga kababu zinafumuka. Nyama ya kusaga naiosha kwenye chujio mpaka maji yatoke meupe, natia vitunguu vilivyokatwakatwa, tangawizi, thomu, papai bichi kidogo ilainike kama ninavyofanya kwenye mishkaki, na mayai mawili kwa nusu kilo. Nikizitia kwenye mafuta zinapasuka, nabaki na chenga. Nimeongeza yai la tatu, hali ni ile ile. Nakosea wapi?
*Mama Pacha, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye papai nilicheka, kisha nikakumbuka ya kwangu nikanyamaza.

Ramadhani yangu ya kwanza baada ya kuolewa, hapa hapa Tanga, Ngamiani, mavyaa wangu alinikabidhi kababu za futari. Wageni wanakuja, mimi bibi harusi nataka kusifiwa. Nikatia karai la kwanza, kababu kumi. Dakika moja haijaisha, mafuta yakaanza kupiga kelele kama mvua juu ya bati, na kila kababu ikawa inajimwaga. Karai la pili vile vile. Mavyaa akaja, akatazama, hakusema neno. Akachuja zile chenga zote, akazikausha mafuta, akatia kotmiri na ndimu, akatoa manda alizokuwa ameziweka akiba, akafunga sambusa. Wageni wakala, wakasifu. Mpaka leo wapo wasiojua.

Kesho yake akanikalisha kwenye mbuzi ya kukunia, si nikune nazi, nikae tu nitazame. Akapara vitunguu vitatu, akavifunga kwenye kitambaa, akakamua. Maji yakajaa kikombe cha kahawa na kuzidi. Akakiweka mbele yangu: "Hiki ulikitia ndani ya nyama jana."

Basi, mwanangu, wewe ugonjwa wako ni huo huo, ila umezidisha dozi. Maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, kababu inapasuka. Na wewe umeyaingiza kwa milango mitatu: umeosha nyama iliyokwisha kusagwa, ambayo hunywa maji kama sifongo; kitunguu hukukikamua; na mayai mawili kwa nusu kilo yameulegeza mchanganyiko. La tatu ndiyo kabisa, umezima moto kwa petroli. Ukitaka kuosha nyama, ioshe ikiwa bado mnofu, ichuje, ifute na kitambaa safi, ndipo isagwe. Na usimwambie mwenye bucha akupe steki tupu. Mwambie aache mafuta kidogo, kama sehemu moja kwa tano za mnofu, la sivyo utakula kababu kavu kama kizibo.

Papai sasa. Papai bichi lina utomvu unaokata protini ya nyama, ndiyo maana mshikaki mgumu hulainika. Lakini mshikaki ni kipande kizima. Kababu haina kitu kingine cha kuishikilia isipokuwa hiyo hiyo protini, na wewe unaikata! Hata tangawizi mbichi ina tabia hiyo kwa kiasi fulani, kwa hiyo tia kidogo, na usilaze mchanganyiko usiku kucha.

Fanya hivi kwa nusu kilo. Tia chumvi kwanza, kijiko kimoja cha chai, kabla ya kitu kingine chochote, uikande nyama kwa dakika mbili tatu. Chumvi huivuta ile protini, nyama inaanza kunata mkononi. Jaribio langu: chukua donge, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja kitazame chini. Likibaki, imekubali. Ndipo utie slesi mbili za mkate wa jana zilizolowekwa kwenye maziwa kidogo na kukamuliwa, kitunguu kimoja kilichoparwa na kukamuliwa, punje nne za thomu, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa kijiko cha chai, pilipili manga, kotmiri, na kiini cha yai peke yake. Sasa changanya kwa vidole tu, usikande tena. Mkate si wa kuongeza wingi kama wengi wanavyodhani; ndio unaoshika majimaji ya nyama yasitoroke kababu ikiiva.

Funga umbo la yai refu, weka mahali pa baridi nusu saa. Mafuta yawe tayari: chovya mpini wa mwiko wa mti, ukiona vipovu vidogo vinauzunguka, tia. Kaanga moja kwanza uonje chumvi. Halafu tano tano, usijaze karai maana mafuta yatapoa na kababu zitayanywa. Usiziguse mpaka zishike rangi upande wa chini. Mkono unaowasha kugeuzageuza ndio uliovunja kababu nyingi pwani hii.

Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Mimi ni mjane, najipikia mwenyewe. Daktari amenikataza vitu vya kuzamishwa kwenye mafuta, na oveni sina, nina jiko la mkaa. Kababu ndiyo basi tena?
*Jirani yako, Chumbageni*

Waalaykum salaam kaka. Hata kidogo. Mama zetu walioka bila oveni: makaa juu na chini. Chukua sufuria nzito, paka mafuta kijiko kimoja, panga kababu ndogo za ukubwa wa ndimu zisigusane. Funika kwa sinia ya bati au kifuniko bapa. Chini bakiza makaa machache, juu palia mengi. Watu hufanya kinyume, chini inaungua na juu bado mbichi. Dakika ishirini hivi, ukiwa umezigeuza mara moja. Utasikia harufu ya mkate wa mchele uliokwisha okwa kwenye sufuria hiyo hiyo, nami sioni ubaya. (Mwenye oveni: nyuzi joto 200, dakika 18 mpaka 20.)

Njia ya pili ni kuzichoma. Nyama iwe baridi, imekandwa vizuri na chumvi, mkate acha kabisa. Usitumie kijiti chembamba cha mviringo, nyama itazunguka humo na kuanguka ndani ya moto. Tafuta mshikaki wa chuma wenye bapa, lowesha mkono, bonyeza nyama iwe nyembamba kama kidole gumba. Makaa yawe yamefunikwa na jivu jeupe. Mafuta yakidondoka moto utaruka. Mwagia jivu, si maji.

Chumvi umuulize daktari wako. Mimi hapo siingii.

Bibi, sabalkheri. Mimi kofta hutia mbichi ndani ya mchuzi wa nazi zikaiva humo humo. Wifi yangu azikaanga kwanza, na asema zangu ni chakula cha hospitali. Twakusikiliza.
*Binti wa Kibokoni, Mombasa*

Sabalkheri binti yangu. Mnataka kunitia fitinani, lakini nitasema: kofta mbichi kwenye mchuzi huwa laini zaidi, za kukaangwa zina ladha zaidi. Ile ngozi ya kahawia ya karaini haipatikani majini, upike mpaka kesho. Mimi nafanya katikati. Nazikaanga kwa mafuta ya kufunika kikaango tu, zishike rangi pande mbili, ndani bado mbichi, kisha namalizia mchuzini.

Kosa lako, kama unalo, huenda ni tui. Anza na vitunguu, thomu, nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia bizari ya manjano na tui jepesi. Likianza kutokota polepole ndipo utie kofta moja moja. Mwiko uweke mbali! Shika sufuria kwa vitambaa viwili, izungushe kidogo, kofta zitageuka zenyewe. Robo saa zikishaiva, tia tui zito, liache lipate moto bila kuchemka kwa nguvu, kamulia ndimu ukiwa umeepua. Tui zito likitokoteshwa litakatika, na mchuzi uliokatika ndio unaofanana na wa hospitali. Kofta hazihusiki.

Mwambie wifi yako neno kofta lina asili ya Kiajemi, la kutwanga. Nikimkuta naye anatwanga nyama kwenye kinu kama nyanya yangu, nitakuja kula kwake.

Shikamoo Bibi. Nipo chuo Dodoma, nina jiko la gesi la plate moja, sina friji. Nikinunua robo kilo ya nyama ya kusaga naweza kupika nusu leo na nusu kesho?
*Mwanafunzi*

Hapana. Kwenye kipande cha steki vijidudu hukaa juu, moto unaviua. Mashine inavichanganya mpaka katikati. Pika yote siku ileile uliyonunua, iive mpaka ndani. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 71, wewe kata moja katikati na usiridhike na uwekundu. Ukishindwa kumaliza, mwite wa chumba cha pili. Robo kilo, slesi moja, nyanya tatu, sufuria moja: kaanga vidonge, vitoe, pika nyanya kwenye mafuta yaleyale, virudishe. Ugali upike kwanza uufunike, kwa kuwa moto unao mmoja.

Bibi, tupo Göteborg mwaka wa nne. Wanangu wanakula köttbullar (vidonge vya nyama vya Kiswidi) shuleni, wakirudi wanaziona kababu zangu kali. Mume wangu anasema za Wasweden hazina ladha. Nifanyeje nyumba itulie?
*Mama wa Kitanga ughaibuni*

Mwanangu, mumeo apunguze maneno. Wasweden wanajua jambo ambalo sisi wengi tunalidharau: wengi wao kitunguu hukikaanga kwanza kwenye siagi kikalainika, ndipo wakakitia kwenye nyama. Maji yamekwishaondoka, utamu umebaki. Tangu nielezwe na mjukuu wangu aliyesoma huko, kababu za watoto nazifanya hivyo, na kukamua sikamui.

Tengeneza mchanganyiko mmoja: nyama, chumvi, chenga za mkate zilizolowekwa kwenye maziwa, yai, kitunguu cha siagi, pilipili manga. Ugawe. Nusu vidonge vidogo vya watoto, na mchuzi wa krimu, viazi vya kuponda na jamu ya lingon, vile vitunda vyekundu vichachu vya huko. Ile jamu ikipata nyama haina tofauti kubwa na ukwaju wetu kwenye bajia, ni ule ukali unaokata mafuta. Nusu ya baba tia pilipili mbichi, bizari, kotmiri, ufunge virefu. Asipojua vimetoka bakuli moja, usimwambie.

La muhimu zaidi: soma pakiti. Mjukuu wangu aliniambia blandfärs ni nyama ya ng'ombe iliyochanganywa na nguruwe. Wewe tafuta nötfärs, ya ng'ombe tupu, na asilimia ya mafuta huandikwa hapo hapo. Chukua ya 15 au zaidi kidogo, si ile ya 5 inayosifiwa.

Bi Jikoni, sikusalimii. Uliandika "chumvi vijiko viwili" kwa kilo moja. Nimetia vijiko viwili vya chakula. Wageni sita, kababu hazilikiki, maji ya kunywa yamekwisha nyumbani. Nimebakiwa na bakuli zima kwenye friji. Nitazila wapi?
*Niliyeaibika, Temeke*

Naomba radhi mwanangu, kosa ni langu. Nilikusudia vya chai na sikuandika. Kijiko cha chakula ni vitatu vya chai, kwa hiyo ulitia mara tatu ya nilichokusudia. Pia umenikumbusha kwa nini ninasema ukaange moja uonje, jambo ambalo mwezi ule nalo sikuliandika.

Usizitupe. Chemsha viazi kilo moja na nusu bila chembe ya chumvi, viponde vikiwa vya moto, viache vipoe na mvuke utoke wote. Zisage au uzivunjevunje kababu zako, lakini usitumie zote. Anza na tatu kwa kila viazi vinne, changanya na kotmiri na ndimu, onja. Bado kali, ongeza kiazi. Ukipata sawa, tengeneza vidonge bapa, chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga kidogo tu kwani ndani vimeshaiva. Hizo ni katlesi, na zinazobaki za chumvi zihifadhi kwenye friza kwa duru nyingine ya viazi.

Waite wale sita tena. Na ukiniandikia, nisalimie.