Kumlipia mtoto chumba cha michezo: kuna haja?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumlipia mwanao wa miaka mitatu chumba cha michezo cha ndani, na hapo Tabora uwanja mnao. Kiangazi, mimi nasema hapana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 ashughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Hizo anazipata bure chini ya mwembe, akiwa na mchanga, kopo, tairi kuukuu na watoto wa jirani. Anajaza, anamwaga, anagombea kopo na mwenzake, kisha wanapatana wenyewe.

Mvua zikishika, Novemba mpaka Aprili, hesabu inabadilika. Siku za tope, mtoto anashinda kwenye televisheni, lipa mara mojamoja wala usijilaumu. Ila kabla ya kutoa hela, ingia ukague. Bonyeza godoro la sponji. Likiwa na unyevu au harufu, ondokeni. Kwenye shimo la mipira ya plastiki wanamochezea, chota ya chini kabisa uone kama ni safi, maana ya juu ndiyo inayofutwa. Angalia kama watoto wa miaka tisa wanaruka pamoja na hawa wadogo, kwa sababu mdogo akiangukiwa na mkubwa anaumia vibaya. Na uulize kama utaruhusiwa kukaa naye. Kwa umri huo, wakikuambia umwache uende zako, usilipe.

Kama kiingilio kinagusa hela ya mboga, achana nacho kabisa, dada.