Mkonge wa miaka miwili na nusu: nikate majani mangapi?

SWALI: Mkonge wangu umefikisha miaka miwili na nusu. Nilikata mistari miwili kwa majaribio, nikaacha majani kama kumi tu kwa kila shina ili litoe mengine upesi. Majani yalikaa siku nne yakingoja mashine. Singa, yaani nyuzi zake, zimetoka na madoa ya kijani, tena ngumu. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea mara mbili, na kosa kubwa ni lile ambalo hujalilalamikia.

Mkonge si mchicha, kwamba ukichumwa ndiyo unachanua. Jani likikatwa halirudi. Majani mapya hutoka katikati tu, kwenye ule mkuki uliojisokota, na chakula cha kuyakuza hutengenezwa na majani yaliyobaki. Ukiacha kumi, umeunyima mmea jiko lake. Utatoa majani, ndiyo, lakini mafupi na membamba, na urefu wa singa ni moja ya mambo yanayoamua daraja lake sokoni. Kwa mkato wa kwanza acha majani 20 hadi 25. Kata ya chini yaliyolala, yaliyosimama karibu na mkuki usiyaguse. Lakini pia usiogope hata ukaacha kukata kabisa: jani la chini likizeeka hukauka shinani, nalo ni hasara. Ile mistari miwili uipumzishe mpaka ijaze tena majani, hata kama mingine itakuwa tayari kwa mkato wa pili.

Madoa na ugumu vimetokana na zile siku nne. Jani lililokatwa huanza kukauka, na utomvu wake hugandia kwenye singa. Hapo mashine haiwezi tena kuzitenganisha vizuri na nyama ya jani. Kwa hiyo panga mashine kwanza, kisu baadaye. Jani lisindikwe siku ileile, au kesho yake ukichelewa sana. Singa zikitoka zioshwe papo hapo kwa maji mengi, kisha zianikwe juani kwenye waya, si chini, zikauke kabla ya kupigwa brashi.

Usishtuke ukiona mzigo mkubwa umetoa singa kidogo tu: kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo tatu hadi nne za singa kavu. Kinachobaki ni maji na makapi. Makapi yakishaoza yarudishe shambani, kwa sababu mkonge hufyonza kalisi na potasiamu kwa wingi, na potasiamu ikipungua utaona majani yakianza kuoza kwenye kitako.

Na hizo singa zenye madoa usizitupe. Kwa kamba za kufungia mazao zinafaa, na hata mafundi wa plasta huzichanganya na jasi ili isipasuke. Ila usizichanganye na zile safi utakazopata safari ijayo. Singa chache chafu hushusha daraja la robota zima.