Tumeshindwana na mume wangu: suluhu ya wazee au mahakama?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nimeolewa miaka 14, tuna watoto watatu, mdogo ana miaka mitano. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuwa ndoa imefika mwisho. Hanipigi wala hanitukani, ila ameoa mke mwingine na muda wote yuko huko. Baba yake mdogo ametuita, akasema tuyamalize nyumbani: niondoke na kitanda, vyombo na cherehani changu, nyumba ibaki ya mume kwa sababu kiwanja kina jina lake, na nisidai matumizi ya watoto ili tuachane kwa amani. Nyumba hiyo nimechangia kwa pesa za kushona. Kaka yangu anasema nifungue kesi leo leo. Mama anasema mwanamke wa Kiislamu hampeleki mumewe mahakamani. Nikikataa suluhu ya wazee nina dhambi? Na talaka ikipitia mahakamani inasihi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, rehma na amani zimfikie Mtume wetu.

Dada yangu, huna dhambi. Kukataa mapatano yanayokudhulumu si kukataa suluhu.

Suluhu kweli inatangulia. Allah amesema katika Suratun-Nisaa, aya ya 128, kwamba suluhu ni bora, na aya ya 35 ikaweka utaratibu wake: apelekwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Waamuzi ni wawili. Baba mdogo wa mumeo ni mmoja. Wa kwako yuko wapi? Kikao cha upande mmoja, hata kikiwa na ubani na kahawa, hakijatimiza aya hiyo.

Tena Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kuwa suluhu inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu. Pima pendekezo lao kwa kipimo hicho. Matumizi ya watoto ni wajibu wa baba, na ni haki ya watoto wenyewe. Huwezi kusamehe deni usilodai wewe. Hata ungeweka sahihi, kesho mtoto akikosa daftari baba yake bado anadaiwa.

Na hilo la kuacha jasho lako ndani ya nyumba ili uachwe, wazee hawakulitaja jina, lakini ni khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mali. Khului ipo katika dini: mke wa Thabit bin Qays alirudisha shamba alilopewa mahari, akaachwa. Yeye ndiye aliyetaka kutoka, na alichorudisha ni mahari. Mumeo naye anataka kuachana na ana mke mwingine tayari. Aya ya 20 ya Suratun-Nisaa inawakataza wanaume wanaobadilisha mke kuchukua chochote katika walichompa wa kwanza, hata kama ni rundo la mali. Sasa itakuwaje kwa kile ambacho hakukupa yeye, umekichuma mwenyewe kwa sindano?

Nikuambie nililoliona. Miaka ya nyuma niliketi kwenye kikao kama chako. Tulianza baada ya alasiri, mpaka adhana ya magharibi kila mzee alikuwa akimwambia yule mama, "Samehe mama, samehe." Amekaa pembeni ya mkeka na mfuko wa rambo mapajani. Mwisho akauliza taratibu, "Nisamehe kipi? Hakuna aliyenitajia changu ni kipi." Akaumimina ule mfuko: risiti za mabati, za saruji, za misumari, nyingine wino umeshafutika. Tulinyamaza sote, na mimi nikiwemo, maana nami nilikuwa nimesema "samehe". Tangu siku ile siruhusu neno hilo kikaoni kabla haki hazijatajwa moja moja na kuandikwa. Mtu husamehe anachokijua. Asichokijua akikiacha, amedhulumiwa tu, na sisi tuliokaa pale ni mashahidi wa dhulma.

Kuhusu neno la mama, mwambie kwa adabu kuwa Khawla bint Tha'laba alimshtaki mumewe mbele ya Mtume, na Suratul-Mujadila ikafunguliwa kwa kauli yake. Hakuna aliyemwambia amemvua nguo mumewe. Na Barira, aliyekuwa mjakazi, alipoachwa huru akaamua kuachana na mumewe Mughith, Mtume alimwombea Mughith arudiwe. Barira akauliza, "Unaniamuru?" Akajibiwa, "Ninaombea tu." Akakataa, na hakulaumiwa. Kama uombezi wa Mtume haukuwa amri, wa baba mdogo utakuwaje amri?

Kaka yako naye apoe. Mimi nakujibu kwa sheria ya Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Akikupeleka mahakamani leo leo, utarudishwa. Nendeni baraza la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, la wilaya yenu. Wakishindwa kuwapatanisha watawapa hati, ile Fomu Namba 3. Mume akishatoa talaka ya Kiislamu baada ya hapo, kifungu cha 107 kinaitaka mahakama ikubali kuwa ndoa imevunjika, itoe amri yake. Kwa njia hiyo swali lako la kusihi halibaki: talaka imetamkwa na mume mbele ya mashahidi, na mahakama imeipa nguvu ya serikali. Ungeniambia anakupiga, nisingekwambia habari ya kikao kwanza. Ningekwambia nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Nyumba sasa. Katika dini yetu ndoa haichanganyi mali: chako ni chako, na jina kwenye karatasi ya kiwanja halihalalishi jasho la mwenzio. Mahakama nayo, kwa kifungu cha 114, hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lakini nakuusia jambo zito. Mtume amesema huenda mmoja wetu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, akahukumiwa haki ya ndugu yake. Huyo amekatiwa kipande cha moto. Dai ulichotoa. Usidai alichotoa yeye kwa sababu tu wakili amesema inawezekana.

Kwa hiyo rudi kwa baba mdogo, umwambie umekubali suluhu, na mwamuzi wako ni kaka yako au mjomba. Kabla ya kikao andika: mahari yaliyobaki kama yapo, mchango wako wa nyumba, kiliwazo cha kuachwa, matumizi ya eda, matumizi ya watoto kwa mwezi. Mtoto wa miaka mitano hukaa kwa mama, dini na sheria zimekutana hapo. Yakishasomwa yote kwa sauti, ukipenda kuacha lolote lililo lako, acha, nalo ni sadaka yako. Mapatano yaandikwe, yasainiwe, na mahakama iyaingize katika amri yake, maana karatasi ya kikao peke yake haimlazimishi mtu atakapobadilika. Wakikataa kuyasoma, chukua ile fomu ya baraza uende mahakamani, wala usiinamishe kichwa.

Na usihame sasa hivi. Aya ya kwanza ya Suratut-Talaq inakataza mwanamke kutolewa nyumbani akiwa edani. Eda yako haijaanza kwa sababu mmekubaliana kuachana. Inaanza siku talaka itakapotamkwa. Siku hiyo andikeni tarehe, na mashahidi waweke sahihi zao chini yake.

Wallahu a'lam.