Bosi ananipimisha mzani wa kupunja, mshahara wangu ni halali?

SWALI: Asalaam alaykum shekhe. Nafanya kazi bucha, mshale wa mzani wetu hauanzi sifuri, unaanzia gramu 100, na mimi ndo napima. Kuna ustadhi nilimuuliza akasema hiyo ni ada, yaani mazoea, ya wafanyabiashara wote siku hizi, na ada ni sheria. Mama anaumwa, dawa zake zinatoka kwenye huu mshahara. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, Suratul Mutaffifin, ile inayowaonya wanaopunja vipimo, tumeisoma wote chuoni tukiwa wadogo, sina haja ya kukusomea. Kilichonikera ni hilo jibu ulilopewa, maana sio mara ya kwanza kulisikia.

Kweli kanuni ya ada ipo kwenye fiqhi, ila ina masharti, isigongane na nassi, yaani aya au hadithi, na pande zote mbili ziwe zinaijua. Sasa huyo mteja anajua kilo yake ni gramu 900? Kama ni ada basi andikeni ubaoni "kilo yetu gramu 900" tuone nani atanunua. Na mbona wakaguzi wa Wakala wa Vipimo wakisikika wapo mtaani mizani inarekebishwa haraka haraka, ada gani hiyo inayojificha? Watu wa Madyan soko zima lilikuwa linapunja, Nabii Shuaibu hakuwaambia kwa kuwa mpo wengi basi endeleeni. Huyo ustadhi arudi kwa mwalimu wake, aniwie radhi.

Unajua kwanini huu mchezo hauishi? Tuseme nyama ni 12,000 kwa kilo, ukipunja gramu 100 mteja kanunua kwa zaidi ya 13,300 kwa kilo kamili na hajui, jirani mwenye mzani safi akiuza 12,500 anaonekana ghali na sisi wanunuzi ndo tunamkimbia, mwisho anafunga bucha au na yeye anauchezea mzani. Kwahiyo hata sisi tunaoswali safu ya mbele tuna mkono humo.

Sasa wewe. Kukata nyama, kubeba, kuosha bucha, hiyo ni kazi halali na ujira wake halali. Kupima kwa mzani ule ndo haramu, na "bosi kaniagiza" haikuokoi, hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Mvute bosi pembeni, sio mbele ya wateja, umpigie hiyo hesabu, mwambie bora apandishe bei mzani urudi sifuri. Akikataa muombe wewe ukae kwenye gogo ukate, apime mwenyewe, huku unatafuta sehemu nyingine. Akikulazimisha upime, ongeza kipande kinachofidia, na hujaiba mali ya bosi hapo, mteja kashakilipia.

Wateja waliopita deni kubwa ni la bosi, pesa kala yeye, lakini wewe tubu na uwatolee sadaka kadiri unavyopata. Usikimbilie kuacha kazi kesho mama akakosa dawa. Mshahara wa mwezi huu chukua, kamnunulie.

Wallahu aalam.