Maintani (madaktari wa mafunzo) wa wodi, msifute wafarini kwa sababu ya APTT

Wanangu mlioripoti juzi, nawapenda, lakini nimechoka. Jana tena nimekuta faili limeandikwa "sepsisi, APTT ndefu, simamisha wafarini", na ukurasa wa kwanza unasema wazi mgonjwa ana antifosfolipidi, ugonjwa wa kingamwili zinazogandisha damu. Sepsisi ni maambukizi yaliyouvamia mwili mzima, APTT ni kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, na wafarini ni dawa ya kuizuia isigande. Haya, kaeni.

1. Faili la zamani kwanza, homa baadaye. Mama aliyeharibika mimba mara kwa mara na aliyewahi kuganda damu mguuni, akija na nimonia au UTI, msimchukulie kama mgonjwa mwingine wa homa. Maambukizi ndiyo kichochezi kikubwa cha ile hali aliyoieleza Ronald Asherson mwaka 1992, antifosfolipidi ya janga (CAPS): mishipa midogo inaziba kwa mpigo, viungo vitatu au zaidi ndani ya wiki.

2. APTT. Kingamwili hizi huirefusha ndani ya chupa ya kifuniko cha buluu, ila mwilini zinagandisha. Palikuwa na dada wa Kisauni, kidonda cha mguu wa kulia kimeshika usaha. APTT imerefuka, plateleti (chembe za kugandisha damu) zimeshuka, raundi nzima tukaogopa atavuja damu. Wafarini ikapigwa mstari, hakuna aliyebisha. Asubuhi vidole vya mguu vimekuwa zambarau. Sista akauliza, "Daktari, mbona ni mguu wa kushoto, usio na kidonda?" Akajibiwa ni baridi. Baridi, Mombasa, Februari! Mchana mkojo ukapungua, kreatinini, kipimo cha figo, ikapanda, wa figo akaitwa. Jioni hamtambui mumewe, ikaombwa CT. Kila mtu alishika kiungo chake, hakuna aliyevihesabu pamoja. Alipona, ila vidole vingine vilikatwa, vikabaki tieta.

3. Damu ya kupima lupus antikoagulanti, mojawapo ya kingamwili hizo, itolewe kabla ya heparini (sindano ya kuzuia damu kuganda), maana heparini huvuruga kipimo. Kisha anza tiba, usingoje majibu. Kurudia baada ya wiki 12 ni kwa kuthibitisha ugonjwa, mgonjwa wa leo hana wiki 12.

4. Plateleti zikishuka hapa pwani, pimeni malaria pia. DIC, damu kuganda ovyo mwilini hadi vigandishaji vikaisha, nayo inafanana mno na hali hii, na huweza kuja nayo pamoja. Tazameni fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) na filamu ya damu kwenye hadubini, halafu mwiteni mkubwa wenu. Hakuna atakayewacheka. Mimi nitacheka kidogo.

5. Antibayotiki mapema, naam, lakini haizibui mshipa. Heparini, steroidi za dozi kubwa, kubadilisha plazma (maji ya damu) au immunoglobulini ya mshipani, vyote vinakwenda pamoja. Hata hivyo, karibu theluthi ya wagonjwa hufa.

6. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani aambiwe mbele ya mwenziwe: homa yoyote, arudi siku hiyo hiyo. Na asiache wafarini kwa kung'oa jino bila kutuuliza. Kuiacha ghafla nako ni kichochezi, na majirani wana ushauri mwingi.

7. Pigieni benki ya damu simu mchana, mkishaanza tu kushuku. Plazma ya kubadilishia huhifadhiwa kwenye barafu, inataka kuyeyushwa, na saa nane za usiku mtu wa maabara yuko peke yake na simu za leba hazimwachi.